Umeme ndani ya ubongo: tumaini la wagonjwa wa sonona na maswali yanayolifuata

Kwa zaidi ya miaka 20, daktari na mtafiti wa Kimarekani Helen Mayberg amekuwa akifuatilia swali moja. Je, mkondo mdogo wa umeme, ukielekezwa mahali mahususi ndani ya ubongo, unaweza kumwinua mgonjwa wa sonona ambaye dawa zote zimeshindwa kumsaidia? Majaribio ya kwanza yalileta matumaini makubwa. Jaribio lililofuata, lililokuwa kubwa zaidi, lilisimamishwa kabla ya kukamilika. Mwaka 2024 kampuni ya Abbott, inayotengeneza vifaa vya aina hiyo, ilitangaza kuanza jaribio jipya nchini Marekani, miaka miwili baada ya mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo kukubali kuipa tiba hii utaratibu wa kuharakishwa kutathminiwa.

Msikilizaji wa Bujumbura, Kigali au Karonga anaweza kuuliza kwa haki kabisa: habari hii inatuhusu nini sisi ambao kumpata daktari wa akili mmoja ni safari ya siku nzima? Inatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa unaotafutiwa tiba huko New York na Atlanta ndio huohuo unaozitesa familia zetu kimyakimya. Pili, historia ya watu kuingia katika ubongo wa wengine kwa jina la tiba imewahi kupita katika eneo letu, na iliacha doa.

Ugonjwa unaokosa jina

Kwa sisi tunaotafsiri habari za afya, ugumu huanza na neno lenyewe. Kiswahili sanifu kimechagua "sonona", lakini msikilizaji wa kawaida husema fulani "ana mawazo", "amekata tamaa" au "amebadilika". Wengine husema "huzuni", jambo linalopotosha. Huzuni humpata kila mwanadamu, huja na sababu yake na hupungua siku zinavyokwenda. Sonona hudumu kwa majuma na miezi, humnyima mtu usingizi na hamu ya chakula, humwondolea raha ya mambo aliyoyapenda, na humfanya aamini kwamba yeye ni mzigo kwa watu wake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 280 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na kwamba zaidi ya watu 700,000 hujitoa uhai kila mwaka kwa sababu mbalimbali, sonona ikiwa miongoni mwazo.

Tiba inayozungumzwa hapa nayo imetusumbua kuitafsiri. Neno la karibu lingekuwa "uchochezi", lakini anayelisikia redioni hufikiria kesi za kisiasa, si hospitali. Katika uchambuzi huu tutasema "kusisimua ubongo". Tiba yenyewe huitwa usisimuaji wa kina wa ubongo, kwa sababu nyaya hufikishwa ndani kabisa, mahali ambapo sumaku na umeme wa juu ya ngozi haufiki vyema.

Wagonjwa wengi wa sonona hupata nafuu kwa mazungumzo ya tiba, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Hata hivyo, inakadiriwa kuwa takriban theluthi moja hawapati nafuu ya kutosha hata baada ya kubadilishiwa dawa mara kadhaa. Hao ndio wenye sonona sugu, na baadhi yao wameugua kwa miaka mingi, wamelazwa mara kwa mara na wamepoteza kazi na ndoa. Kazi ya Mayberg inawahusu hao waliofika mwisho wa njia. Haimhusu kila mwenye mawazo mazito.

Mahali palipoitwa namba 25

Mayberg si daktari wa magonjwa ya akili kwa mafunzo yake ya msingi. Ni daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Alianza kwa kuwachunguza wagonjwa waliopata sonona baada ya kiharusi au wakiwa na ugonjwa wa Parkinson, akitumia mashine zinazopiga picha za ubongo unapofanya kazi. Aliona kwamba sonona haikai katika sehemu moja tu. Ilimdhihirikia kama hitilafu ya mawasiliano kati ya sehemu kadhaa, mfano wa njia za umeme za mji ambapo hitilafu ya kituo kimoja huzima taa za mitaa iliyo mbali nacho.

Kituo kimoja kilijitokeza mara kwa mara katika picha hizo. Kipo ndani, nyuma ya paji la uso, karibu na mstari unaozigawa nusu mbili za ubongo, na kwenye ramani ya ubongo iliyochorwa na mtaalamu wa Kijerumani Korbinian Brodmann mwaka 1909 kimepewa namba 25. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, Mayberg na wenzake walionyesha kuwa watu wenye afya walipokumbuka jambo la kuhuzunisha, sehemu hiyo ilichangamka. Wagonjwa wa sonona walipopata nafuu, ilitulia. Swali lililofuata lilikuwa la kimantiki: kama dawa zimeshindwa kuituliza, je, umeme utaweza?

Chombo cha kulijibu kilikuwapo. Mwaka 1987, huko Grenoble nchini Ufaransa, daktari wa upasuaji Alim-Louis Benabid na wenzake walionyesha kwamba mkondo wa umeme wa kasi ungeweza kutuliza mtetemeko wa mikono. Njia hiyo ilienea kwa wagonjwa wa Parkinson duniani kote. Daktari hutoboa tundu dogo katika fuvu, hupitisha waya mwembamba wenye elektrodi hadi mahali palipokusudiwa, kisha huuunganisha na betri inayowekwa chini ya ngozi ya kifua.

Kuanzia mwaka 2003, jijini Toronto nchini Kanada, Mayberg alishirikiana na daktari wa upasuaji Andres Lozano kuwatibu wagonjwa sita wenye sonona sugu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Wanne kati ya sita walikuwa bado na nafuu kubwa baada ya miezi sita. Jambo lililowashangaza madaktari ni yaliyotokea ndani ya chumba cha upasuaji. Wagonjwa walikuwa macho, na umeme ulipowashwa baadhi yao walieleza, bila kuulizwa, kwamba uzito fulani umewaondoka, kwamba utupu waliouzoea umetoweka, na kwamba rangi za vitu zimeonekana kung'aa zaidi.

Anguko la jaribio kubwa

Hadithi kama hizo husambaa haraka, na hapo ndipo sayansi inapotakiwa kuwa na subira. Wagonjwa sita ni wachache. Zaidi ya hayo, mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo na kuzungukwa na madaktari wanaomjali anaweza kupata nafuu kwa matumaini tu. Ili kutenganisha kazi ya umeme na kazi ya matumaini, wagonjwa wote huwekewa kifaa, lakini kwa baadhi yao hakiwashwi, na wao hawaambiwi.

Jaribio la namna hiyo lilifanyika katika vituo 15 nchini Marekani likifadhiliwa na kampuni ya St. Jude Medical, ambayo baadaye ilinunuliwa na Abbott. Wagonjwa 90 waliwekewa vifaa. Kwa 60 umeme uliwashwa, na kwa 30 uliachwa umezimwa kwa miezi sita. Tathmini ya katikati ilionyesha kuwa uwezekano wa kufaulu ni mdogo, na kazi ya kuwaongeza wagonjwa wapya ikasimamishwa. Takwimu zilizochapishwa mwaka 2017 hazikuacha shaka: baada ya miezi sita, asilimia 20 ya waliowashiwa umeme walikuwa wamepata nafuu, na kwa wasiowashiwa ilikuwa asilimia 17. Tofauti hiyo haina maana kitakwimu. Jaribio jingine lililofadhiliwa na kampuni ya Medtronic, likilenga sehemu tofauti ya ubongo, nalo halikuonyesha tofauti.

Kwa kawaida habari ingeishia hapo. Lakini wagonjwa wale hawakuishia hapo. Baada ya miezi sita wote waliwashiwa umeme, na walipofuatiliwa hadi mwaka wa pili, karibu nusu walikuwa wamepata nafuu kubwa. Mwaka 2019, kikundi cha Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta, ambako Mayberg alifanya kazi kwa miaka mingi, kilichapisha taarifa ya wagonjwa 28 waliofuatiliwa kwa muda mrefu, baadhi yao kwa miaka minane. Mwaka hadi mwaka, nusu yao au zaidi walikuwa na nafuu, na angalau asilimia 30 walikuwa wameondokewa na dalili. Kwa ugonjwa ambao tabia yake ni kurudi, hilo ni jambo zito.

Wachambuzi wa sayansi wamegawanyika hapa. Upande mmoja unasema jaribio lilipimwa mapema mno, kwani ubongo ulioishi na sonona kwa miaka kumi hauwezi kujirekebisha kwa miezi sita. Upande wa pili unakumbusha kwamba ufuatiliaji wa muda mrefu haukuwa na kundi la kulinganisha, na kwamba mgonjwa anaweza kubadilika kwa sababu nyingine nyingi. Pande zote mbili zina hoja. Anayetangaza leo kwamba tiba hii imethibitishwa anatangulia ushahidi, na anayesema imeshindwa kabisa anawapuuza wagonjwa walioinuka na kubaki wima kwa miaka.

Kusikiliza ubongo badala ya kukisia

Kikundi cha Mayberg, ambaye sasa anafanya kazi katika hospitali ya Mount Sinai jijini New York, kilijirekebisha kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kulenga vizuri zaidi. Mwanzoni madaktari walilenga mahali kwenye ramani. Baadaye walitambua kwamba la muhimu ni makutano ya nyuzi zinazounganisha sehemu mbalimbali za ubongo, na kwamba makutano hayo hayakai mahali pamoja kwa kila mtu. Walipozitafuta nyuzi hizo kwa kila mgonjwa kabla ya upasuaji, 9 kati ya wagonjwa 11 walipata nafuu ndani ya mwaka mmoja, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na kuongozwa na Patricio Riva-Posse wa Emory.

Njia ya pili ilikuwa kupata kipimo. Daktari wa kisukari ana kipimo cha sukari, na daktari wa malaria ana hadubini. Daktari wa sonona humtegemea mgonjwa aeleze anavyojisikia, na mtu anayetoka katika ugonjwa wa miaka mingi huwa na siku mbaya kama mtu yeyote. Je, siku mbaya ya leo ni huzuni ya kawaida au ni ugonjwa unaorudi? Je, umeme uongezwe au mgonjwa aachwe apumzike?

Mwezi Septemba 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wagonjwa 10 waliowekewa vifaa vinavyoweza kutuma umeme na pia kurekodi mawimbi ya ubongo. Baada ya majuma 24, tisa kati ya kumi walikuwa na nafuu kubwa, na saba walikuwa hawana tena dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Wahandisi wakiongozwa na Christopher Rozell wa taasisi ya teknolojia ya Georgia walitumia akili mnemba kulinganisha mawimbi ya siku za ugonjwa na ya siku za nafuu, katika wagonjwa ambao rekodi zao zilikuwa kamili. Alama ya kupona ilionekana. Kwa mgonjwa mmoja ambaye sonona ilimrudia baada ya miezi kadhaa ya nafuu, mawimbi yalikuwa yamebadilika takriban mwezi mzima kabla yeye au daktari wake hawajagundua.

Tukubali kwamba hao nao ni wachache, na kwamba kila mmoja wao alijua umeme umewashwa. Tuongeze kwamba Mayberg amekuwa mshauri wa kulipwa wa kampuni inayotengeneza vifaa hivi na ana haki katika uvumbuzi huo, jambo ambalo yeye mwenyewe hulitangaza katika makala zake. Kutangaza hakuondoi maslahi, lakini humpa msomaji nafasi ya kuyapima. Kwa sababu hiyo jaribio jipya, linalowalinganisha waliowashiwa umeme na wasiowashiwa, lina uzito kuliko taarifa zote zilizotangulia.

Jaribio likiisha, mgonjwa anabaki na waya kichwani

Kuna swali ambalo taarifa za kampuni hulipitia haraka. Kidonge kikishindwa, mgonjwa huacha kukimeza. Kifaa kilicho ndani ya kichwa na kifua hakiachwi kwa namna hiyo. Betri huisha na kuhitaji upasuaji mwingine wa kuibadilisha, au huhitaji kuchajiwa. Waya unaweza kukatika. Vidonda vinaweza kuingiwa na vijidudu. Jaribio la St. Jude liliposimama, kulikuwa na watu waliokuwa wamepata nafuu na vifaa vyao vikifanya kazi, huku mfadhili hana tena bidhaa ya kuiuza kwa ajili ya ugonjwa wao. Nani angelipia betri inayofuata? Kwa mtu ambaye kuzimwa kwa betri kunaweza kumrudisha kitandani, swali hilo ni la uhai.

Mjadala huo umeanza kuingia katika sheria. Mwaka 2021 Chile ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuibadilisha katiba yake ili kulinda shughuli za ubongo na taarifa zinazotokana nazo. Kama mashine inaweza kuona sonona ikija mwezi mmoja kabla ya mwenyewe kuihisi, basi mwajiri, kampuni ya bima au serikali nayo inaweza kutamani kuiona rekodi hiyo. Nchi za Afrika Mashariki, ambazo nyingi zimetunga sheria za kulinda taarifa binafsi katika miaka ya karibuni, hazina sababu ya kusubiri hadi vifaa hivyo vifike bandarini ndipo zianze kufikiri.

Kivuli cha historia

Kabla ya umeme kulikuwa na kisu. Mwaka 1935, mjini Lisbon, daktari wa Kireno Egas Moniz alianzisha upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo kwa wagonjwa wa akili, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel. Nchini Marekani daktari Walter Freeman aliueneza kwa maelfu ya watu. Wengi walitulia, lakini utulivu wao ulikuwa wa mtu aliyepoteza hiari na hisia zake.

Historia hiyo iligusa Nairobi. Daktari wa Kiingereza J. C. Carothers alisimamia hospitali ya Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Katika maandishi yake alidai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, na akamfananisha Mwafrika mwenye afya na Mzungu aliyekatwa nyuzi za ubongo. Alidai pia kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Mwaka 1953 WHO ilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha maelezo yake ya vuguvugu la Mau Mau, akilitazama kama tatizo la kisaikolojia na kuliweka pembeni suala la ardhi. Daktari Mnaijeria Thomas Adeoye Lambo alikuwa miongoni mwa waliopinga fikra hizo, na katika kijiji cha Aro karibu na Abeokuta alianzisha huduma iliyowaruhusu wagonjwa kuishi na familia zao huku wakitibiwa.

Hatuikumbuki historia hii ili kuilinganisha kazi ya Mayberg na ya Freeman. Umeme huu unaweza kuzimwa, mgonjwa hutoa ridhaa yake, na kamati za maadili husimamia. Tunaikumbuka kwa sababu dai la Carothers kwamba Mwafrika haugui sonona lilikuwa na matokeo ya kudumu: usipougua kwa mujibu wa vitabu, hutengewi daktari wala bajeti. Na hadi leo baadhi yetu tunalirudia kwa maneno mengine, tunaposema kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri.

Uganda ilivyojibu

Jibu la dai hilo lilitoka vijijini. Mwaka 2003, jarida la madaktari wa Marekani JAMA lilichapisha utafiti wa Paul Bolton na wenzake uliofanyika katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, eneo lililokuwa limeharibiwa na UKIMWI. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe. Waganda walikuwa na majina mawili ya hali iliyofanana na sonona, moja likimaanisha kujichukia na jingine kujihurumia. Ugonjwa ulikuwapo, na jina lake lilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Tiba ilikuwa vikundi vya mazungumzo, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa, kwa majuma 16. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliopangiwa vikundi walikuwa na dalili kamili za sonona. Baada ya kumaliza walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, bado ilikuwa asilimia 54.7. Huko Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa benchi la urafiki, ambapo bibi wa mtaani waliofunzwa huketi na mgonjwa chini ya mti na kuzungumza naye matatizo yake. Washona huiita hali hiyo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, maana ileile ya Mswahili anayesema "ana mawazo". Jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilithibitisha kwamba mpango huo unapunguza dalili kwa kiasi kikubwa kuliko huduma ya kawaida.

Tukiziweka habari hizi mbili pamoja, picha inaeleweka. Upasuaji wa kusisimua ubongo hugharimu makumi ya maelfu ya dola na huhitaji timu ya wataalamu maisha yote ya mgonjwa. Kwa mujibu wa takwimu za WHO za mwaka 2020, kanda ya Afrika ilikuwa na wahudumu wa afya ya akili 1.6 kwa kila watu 100,000, wakati wastani wa dunia ni 13. Hospitali kama Mathari, Butabika jijini Kampala, Mirembe mjini Dodoma, Ndera nchini Rwanda na kituo cha Kamenge mjini Bujumbura zinabeba mzigo wa mamilioni. Nchi iliyo katika hali hiyo ikianza kwa kununua vifaa vya kupandikiza ubongoni itakuwa imejenga ghorofa ya kumi kabla ya msingi.

Hata hivyo, isiwe kisingizio cha kusema kwamba sayansi ya ubongo ni ya wengine. Wapo kwetu wagonjwa ambao vikundi na vidonge havikuwasaidia. Wapo waliofungwa minyororo nyumbani au katika nyumba za maombi. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2020 iliorodhesha nchi zipatazo 60 ambako jambo hilo hutendeka, Kenya ikiwemo. Kati ya mnyororo wa Nairobi na betri ya New York kuna hatua nyingi: kidonge kinachopatikana kila mwezi bila kukatika, muuguzi wa zahanati anayejua kuuliza maswali sahihi, na tiba ya sumaku ya juu ya kichwa, iliyobuniwa mjini Sheffield mwaka 1985, ambayo haihitaji kisu. Hata tiba ya mshtuko wa umeme, iliyoanza Roma mwaka 1938 na kuogopwa hadi leo, huokoa maisha ya wenye sonona kali inapotolewa kwa usingizi wa dawa na kwa ridhaa. WHO inapinga kutolewa kwake bila dawa ya usingizi.

La kufuatilia

Matokeo ya jaribio la Abbott yatakapotoka, msikilizaji ayapime kwa maswali matatu. Je, waliowashiwa umeme waliwazidi wasiowashiwa kwa tofauti ya kweli? Je, nafuu ilidumu? Na je, kampuni imeahidi kuwatunza wagonjwa wake baada ya jaribio kwisha? Majibu yakiwa mazuri, serikali zetu zitalazimika kuuliza swali la nne: watafiti wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam watashirikishwa lini, ili ramani ya ubongo wenye sonona isichorwe tena kwa vichwa vya upande mmoja wa dunia?

Wakati huo tunao wajibu ulio ndani ya uwezo wetu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka katiba. Mgonjwa aliyekuwa akipelekwa kituo cha polisi sasa anaweza kupelekwa hospitali bila kuogopa pingu, na hatua hiyo haikuhitaji waya wala betri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa ugonjwa huu, aghalabu si mgonjwa anayeficha. Ni sisi tunaomzunguka, tunaomwambia ajikaze.

Ukiona dalili hizi kwako au kwa ndugu yako zikidumu zaidi ya majuma mawili, mweleze mtu unayemwamini na ufike katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kama kuna mawazo ya kujitoa uhai, usisubiri siku ya pili, na usimwache mgonjwa peke yake.